Miwani ya uhalisia pepe: Waliowahi kununua ndio waliolipa zaidi

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA mdogo wa Matai aliyekwisha kuuza mahindi yake na kubakiwa na Sh. 1,000,000 mkononi hakosi washauri. Mmoja atamwambia aongeze magunia ya maharage asubiri bei ipande. Mwingine atamwambia atangulize fedha za pikipiki aiingize kwenye bodaboda. Wa tatu atamwambia afungue banda la kuonyesha mpira. Siku hizi anaweza kutokea na wa nne, kijana aliyekaa mjini, atakayesema kuwa gemu za televisheni zimekwisha kuzoeleka na kwamba fedha sasa ipo kwenye miwani ya uhalisia pepe: mteja anaivaa usoni, anashika vishikio viwili mikononi, na kwa dakika tano anajiona yuko ulingoni anapigana ngumi au yuko juu ya mlima anachungulia bonde.

Ushauri huo si wa kubezwa. Matai ni makao makuu ya Wilaya ya Kalambo na ni mji wa njia panda: barabara moja inateremka hadi bandari ya Kasanga katika Ziwa Tanganyika, nyingine inakwenda Kasesya, mpakani na Zambia. Mji wa namna hiyo haukosi watu wenye nusu saa ya kupoteza na noti ya Sh. 1,000 mfukoni.

Hata hivyo, kumbukumbu za soko la kifaa hiki tangu mwaka 2012 zinaonyesha jambo ambalo wauzaji hawalitangulizi katika matangazo yao. Tatizo lililowagharimu zaidi wanunuzi wa mwanzo halikuwa picha, halikuwa sauti, wala halikuwa uhaba wa gemu. Lilikuwa ufuatiliaji, yaani uwezo wa mtambo kujua kila wakati kichwa na mikono ya mvaaji viko wapi. Waliotangulia kununua walibishana juu yake kwa miaka, na huku wakibishana walikuwa wakilipa.

KIFAA KINACHOTAKA KUJUA ULIPO

Televisheni haijali mtazamaji amekaa wapi. Miwani hii lazima ijue. Mvaaji akigeuza shingo, picha igeuke naye. Akiinama, dunia anayoiona ipande. Akinyoosha mkono, mkono wa bandia unyooke vilevile. Wahandisi wa fani hii hulenga picha ifuate mwendo wa kichwa ndani ya milisekunde 20 hivi. Ikichelewa zaidi ya hapo, macho yanasema jambo moja na tumbo linasema jingine, na mteja aliyelipia starehe anaondoka na kichefuchefu.

Kazi yenyewe ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kujua kichwa kimegeukia wapi, na hiyo ni rahisi kwa kiasi: hata simu ya kawaida ina vihisi vya kupima mzunguko. Ya pili ni kujua kichwa kimesogea kiasi gani kwenda mbele, nyuma, juu au pembeni. Hiyo ndiyo ngumu, kwa sababu kihisi cha ndani ya kifaa hukisia tu, na makosa yake hujilimbikiza. Ni kama mizani ambayo mshale wake haurudi kwenye sifuri baada ya kila gunia. Gunia la kwanza tofauti haionekani. Likifika la hamsini, mwenye mzigo amekwisha kuibiwa na hakuna aliyemwibia.

Ndiyo maana mtambo unahitaji jicho la kuusahihisha, liwe kamera iliyosimama pembeni ikimtazama mvaaji, au kamera iliyo kwenye miwani yenyewe ikiitazama nyumba. Ubishi wote unaosimuliwa hapa ulizuka kwenye jicho hilo.

MIAKA YA 1990 ILIKWISHA KUONYA

Wanaodhani biashara hii ni ngeni wanakosea. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Uingereza iliyoitwa Virtuality, yenye makao yake Leicester, iliuza mitambo mikubwa ya uhalisia pepe kwa kumbi za michezo. Ufuatiliaji wake ulitumia sumaku: mtambo ulitoa uga wa sumaku na kihisi kichwani kikausoma. Njia hiyo ina adui mmoja anayejulikana, nao ni chuma. Nguzo ya chuma au meza ya chuma ikiwa jirani huupinda uga ule, na kipimo kinapinda nao. Kampuni iliingia kwenye soko la hisa la London mwaka 1993, na kufikia mwaka 1997 ilikuwa imefilisika. Haikuzamishwa na sumaku peke yake. Mitambo ilikuwa ghali na picha zilikuwa za kitoto. Lakini walionunua hisa kwa kuvutiwa na foleni za vijana kumbini waliachwa na karatasi.

Nintendo ya Japani ilichagua njia ya mkato. Virtual Boy, iliyotoka mwaka 1995 na kuuzwa Marekani kwa chini kidogo ya dola 180, haikuwa na ufuatiliaji wa aina yoyote: mchezaji aliinamia kifaa kilichosimama mezani na kutazama picha nyekundu. Viliuzwa takribani 770,000, na mwaka uliofuata uzalishaji ulikuwa umekwisha. Kwa kampuni iliyozoea kuuza mamilioni, hiyo ilikuwa hasara ya wazi.

DOLA 599 ZILIZOFIKA 877

Biashara ilifufuka Agosti 2012. Kijana wa Marekani, Palmer Luckey, aliomba michango ya umma ili atengeneze miwani aliyoiita Oculus Rift, akapata zaidi ya dola milioni 2.4. Toleo la majaribio lililowafikia wachangiaji mwaka 2013 lilijua kichwa kimegeukia wapi, lakini halikujua kimesogea wapi. La pili, la mwaka 2014, lilikuja na kamera ya kumtazama mvaaji. Machi mwaka huo huo Facebook ilitangaza kuinunua kampuni kwa dola bilioni 2. Wachangiaji wa mwaka 2012 hawakupata hata senti katika mauzo hayo, kwa kuwa walichotoa kilikuwa mchango na si mtaji. Jambo hilo mwekezaji mdogo alikumbuke kila anapoombwa achangie wazo la mtu.

Toleo la kuuzwa madukani lilitoka Machi 28, 2016 kwa dola 599, likiwa na kamera moja ya mezani. Lilianza kupelekwa katika nchi 20, na hakuna hata moja iliyokuwa ya Afrika. Kwa kiwango cha wakati huo, dola moja kwa Sh. 2,180 hivi, bei hiyo ilikuwa Sh. milioni 1.3. Kompyuta ya kuiendesha ilikuwa gharama nyingine: seti ya miwani pamoja na kompyuta yake ilianzia karibu dola 1,500.

Wiki moja baadaye, Aprili 5, mshindani akaingia. HTC ya Taiwan, ikishirikiana na Valve ya Marekani, ilileta Vive kwa dola 799. Ilionekana ghali, lakini ndani ya boksi mlikuwa na vishikio viwili vya mkononi na minara miwili midogo ya kutundika ukutani. Minara hiyo haikuwa na kamera. Ilifagia chumba kwa miale ya leza isiyoonekana, na vihisi 32 vilivyotawanywa kwenye miwani vilipokea miale na kupiga hesabu ya mahali vilipo. Mnunuzi alikuwa na uwezo wa kutembea chumbani tangu siku ya kwanza.

Mwenye Rift alisubiri hadi Desemba 2016 kupata vishikio vya Touch, dola 199, pamoja na kamera ya pili. Hapo ndipo hesabu ilipoanza kuharibika. Kamera mbili zikiwekwa mezani mbele ya mchezaji zilimwona vizuri alipozitazama. Alipozipa mgongo, mwili wake uliziba mikono, na mkono wa bandia ukaganda hewani au ukaruka pembeni. Aliyetaka kuzunguka bila tatizo alishauriwa kununua kamera ya tatu kwa dola 79. Jumla: 599, jumlisha 199, jumlisha 79, sawa na dola 877, au karibu Sh. milioni 1.9 bila kompyuta. Kifaa kilichotangazwa kuwa cha bei nafuu kikawa kimemzidi mshindani kwa dola 78.

Wakulima wa Ufipa wanaijua lumbesa: bei ni ya gunia moja, mzigo ni wa gunia na kilemba chake. Huyu wa Rift alikutana na lumbesa iliyogeuzwa. Alilipa bei ya gunia, akapewa robo tatu, akaambiwa iliyobaki inauzwa dirisha la pili.

UBISHI WA WALIOTANGULIA

Hata kamera ya tatu haikumaliza maneno. Mwanzoni mwa mwaka 2017 toleo jipya la programu ya Oculus lilifuatiwa na malalamiko mengi kutoka kwa wenye kamera tatu: kimo cha mchezaji kilibadilika peke yake katikati ya mchezo, mikono ilitetemeka, kamera zilipotea na kurudi. Kampuni ilikiri kuwapo kwa hitilafu, ikatoa marekebisho kwa awamu katika miezi iliyofuata.

Katika ubishi huo wanunuzi waligawanyika. Wapo walioilaumu nyumba. Hoja yao ilikuwa kwamba kamera tatu zinazotuma picha kwa mfululizo zinajaza njia ya data ya kompyuta, kwa hiyo mwenye kompyuta ya kawaida alipaswa kuongeza kadi ya matundu ya USB, au kuhamishia kamera moja kwenye tundu la mwendo mdogo. Walisema pia watu wanaweka kamera chini mno, wanazielekeza dirishani, au wanacheza mbele ya kioo cha kabati. Hoja hizo zilikuwa na ukweli, na Oculus yenyewe ilitoa maelekezo ya namna hiyo hiyo.

Wengine waliilaumu kampuni. Kama kifaa kinahitaji kadi ya ziada, waya mrefu wa ziada na kamera ya ziada ndipo kifanye kazi, walisema, basi bei iliyoandikwa kwenye boksi si bei yake. Hoja hii ndiyo yenye nguvu zaidi kwa mtu wa biashara. Mnunuzi wa mashine ya kukoboa hatakiwi kugundua, baada ya kuifikisha nyumbani, kwamba kinu kinauzwa mbali na mkanda.

Halafu walikuwapo walioitetea kwa sababu nyingine kabisa: kwamba anayetangulia anajua anatangulia, na kero ni sehemu ya nauli. Kwa mtu anayenunua kwa ajili ya sebule yake, maneno hayo yanakubalika. Kwa anayenunua kwa fedha ya mtaji yanatisha, kwa sababu ya kilichotokea kwenye bei. Machi 2017 Rift pamoja na Touch, seti iliyogharimu dola 798 miezi mitatu kabla, ilishushwa hadi dola 598, na kamera ya ziada ikauzwa dola 59. Julai mwaka huo huo seti nzima ikatolewa kwa dola 399. Aliyenunua Desemba alikuwa amepoteza nusu ya thamani ndani ya miezi saba, na sehemu kubwa ya miezi hiyo aliitumia akisogeza kamera ukutani.

Wenye Vive nao hawakuwa peponi. Minara yao ya leza haikupenda vioo, madirisha makubwa wala kitu chochote kinachong'aa, kwa kuwa mwale ukigonga kioo hurudi kwa njia ya pili na vihisi vinapokea habari mbili zinazopingana. Ukutani ilibidi minara itulie. Meza inayotikisika iliitikisa dunia nzima ya mchezaji. Lakini kwa ufuatiliaji wa chumba kizima, wengi wa waliovijaribu vyote viwili waliipa Vive alama za juu, na hiyo ndiyo hukumu iliyobaki.

KAMERA ZAHAMIA KICHWANI

Mei 2019 kampuni hiyo hiyo ya Facebook ilitoa Quest kwa dola 399. Hakuna kompyuta, hakuna waya, hakuna kamera ya ukutani. Kamera nne zilizo kwenye pembe za miwani hutazama chumba, huchagua alama zisizosogea kama kona ya meza, fremu ya dirisha au picha ukutani, na kwa kulinganisha alama hizo hupata mahali kichwa kilipo. Vishikio navyo vina vitaa vya infraredi ambavyo jicho la mtu halivioni lakini kamera zinaviona.

Tatizo la kamera tatu likaisha siku hiyo. Badala yake yakaja matatizo mengine, na wanunuzi wa mwanzo wakaanza upya kubishana. Mkono ukienda mgongoni kuchomoa mshale, kamera hazikuuona. Mkono mmoja ukiuziba mwingine, kama katika kulenga bunduki, uliozibwa ukapotea. Vishikio vikisogezwa karibu na uso, navyo vikayumba. Mengi ya hayo yalipunguzwa na programu katika miezi iliyofuata, kwa kuufundisha mtambo kukisia mkono ulikokwenda hadi utakapoonekana tena. Ni makisio mazuri. Bado ni makisio.

Kilichobaki ni kile ambacho programu haiwezi kukitengeneza, yaani nyumba yenyewe. Chumba chenye giza hakina alama za kutazamwa. Ukuta mtupu uliopakwa rangi moja, bila picha wala fremu, ni sawa na giza. Vitaa vidogo vya mapambo, vile vya kumetameta vinavyofungwa kwenye baa na siku za sikukuu, kamera huweza kuvidhania kuwa ni vitaa vya kishikio, na kampuni iliwaonya watumiaji juu ya hilo. Taa za umeme nazo hupepesa kwa kasi isiyoonekana kwa macho. Ndiyo maana miwani hii ina mahali pa kuchagua mzunguko wa umeme wa nchi, 50 au 60. Tanzania ni 50. Kifaa kilicholetwa kutoka Marekani, ambako ni 60, kikaguliwe hapo kabla ya kulaumiwa.

Jua ni hatari ya aina yake. Nje mchana, mwanga wa jua hufunika vitaa vya infraredi na mikono ikapotea. Kubaya zaidi ni miwani kuachwa imelala huku lenzi zikitazama juu: lenzi hukusanya jua kama kioo cha kuwashia moto na kuunguza kioo cha picha ndani. Doa hilo halifutiki, na kampuni haikulihesabu kuwa kosa lake. Anayefikiria kuweka meza chini ya mti, au kupanga kifaa chake kwenye uwanja wa maonyesho ya Nane Nane bila hema, ahesabu kwamba anaweza kupoteza mtaji wote kwa dakika chache.

HESABU YA MATAI

Quest 3S ilipotoka Oktoba 2024, bei yake ya chini ilikuwa dola 300 kasoro senti chache. Kwa kiwango cha dola moja kwa Sh. 2,700 hivi, hiyo ilikuwa Sh. 810,000. Ukiongeza VAT ya asilimia 18 peke yake, kabla ya nauli na faida ya dalali, inafika karibu Sh. 956,000. Mwaka huo huo wa 2024 NFRA ilikuwa ikinunua mahindi kwa Sh. 700 kwa kilo. Kwa lugha ya sokoni, miwani moja ilikuwa sawa na karibu magunia 14 ya kilo 100.

Chukua mfano wa banda linalotoza Sh. 1,000 kwa dakika tano. Betri ya kifaa cha aina hii hudumu saa mbili na nusu hivi, yaani dakika 150. Kumvua mmoja, kufuta lenzi, kumvika mwingine na kumwelekeza kunakula dakika mbili na nusu kwa haraka sana. Hapo wanapatikana wateja 20 na Sh. 20,000 kwa betri moja. Fedha ya kifaa ingerudi kwa siku 48 za kazi, kabla ya pango, mshahara na umeme.

Sasa ingiza ufuatiliaji. Mtambo ukipoteza chumba, msimamizi analazimika kuvaa miwani mwenyewe, kuchora upya mpaka wa kuchezea sakafuni, kisha kumrudishia mteja dakika zake. Kama hilo litatokea kwa nusu ya wateja na kula dakika tano kila mara, wateja wanashuka hadi 15. Mapato yanakuwa Sh. 15,000, na siku 48 zinakuwa 64. Robo ya mapato imekwenda na hakuna kilichoharibika, hakuna fundi wa kuitwa, na mteja aliyeona mkono wake ukiruka anakwenda kusimulia nje kwamba mashine ni mbovu.

Umeme unaongeza utata wa kuchekesha. Miwani ina betri yake, kwa hiyo ukikatika jioni mwenye banda atadhani amewazidi akili wenye televisheni. Kumbe taa zimezimika, na kamera hazioni ukuta. Quest 3S iliongezewa vitaa vyake vya infraredi vya kusaidia kuiona mikono penye mwanga hafifu, na hiyo ni nafuu. Za kabla yake hazina. Kwa banda la Matai, taa mbili za betri za kutundika dari ni sehemu ya bei ya miwani kama kamera ya tatu ilivyokuwa sehemu ya bei ya Rift, na kuta zibandikwe mabango ya wachezaji mpira au kalenda za zamani, zisibaki nyeupe. Hii ni teknolojia ya kwanza ya kisasa inayofanya kazi vizuri zaidi kwenye chumba kilichojaa makorokoro.

Mtandao nao ni gharama ya kudumu. Kifaa kinataka kuunganishwa ili kisajiliwe, kununua gemu na kupokea marekebisho, na marekebisho hayo ndiyo yanayotengeneza ufuatiliaji. Pia mwenye kifaa hana mamlaka yote juu yake. Machi 7, 2018 miwani ya Rift duniani kote iligoma kuwaka kwa sababu cheti cha usalama ndani ya programu kilikuwa kimepitwa na tarehe. Walioathirika walifidiwa dola 15 za kununulia gemu. Oktoba 4, 2021 mitambo ya Facebook ilipozimika kwa takribani saa sita, huduma za miwani yake nazo zilianguka. Mwenye banda aliyepanga sikukuu siku kama hiyo hana wa kumdai.

Wakubwa nao wamejaribu biashara ya kumbi na kuchomeka. IMAX, kampuni ya sinema yenye jina duniani, ilifungua ukumbi wake wa kwanza wa uhalisia pepe Los Angeles mwaka 2017. Desemba 2018 ikatangaza kwamba inafunga vilivyobaki. Kitengo cha Meta kinachotengeneza miwani hii kilipata hasara ya uendeshaji ya dola bilioni 16.1 mwaka 2023 na bilioni 17.7 mwaka 2024. Hasara hiyo ina sura mbili kwa mnunuzi. Inamaanisha anauziwa kifaa kwa bei isiyolipa gharama za aliyekitengeneza, jambo ambalo ni zuri. Inamaanisha pia kwamba tajiri akichoka, kifaa kinabaki yatima.

Afrika Mashariki, walioonekana kudumu ni wanaouza picha zenyewe na si wanaokodisha miwani. BlackRhino VR ya Nairobi, iliyoanza mwaka 2015, ilijenga jina kwa kutengeneza video za mzunguko kamili na maudhui ya namna hiyo kwa wateja wenye bajeti. Mtazamaji wa video ya namna hiyo anageuza shingo tu, hatembei wala hashiki kitu, kwa hiyo ile sehemu ngumu ya ufuatiliaji haimgusi. Wilaya ya Kalambo ina maporomoko ya Mto Kalambo mpakani na Zambia, yenye urefu wa zaidi ya mita 200. Atakayeyapiga picha ya mzunguko vizuri na kuyauza kwa wakala wa watalii hatahitaji kujua mkono wa mtu uko wapi.

Kwa anayeng'ang'ania banda, mtumba wa toleo la pili au la tatu una hesabu nzuri kuliko kipya cha mwezi wa kwanza, ili mradi aujaribu mahali na saa atakayofanyia kazi: jioni, kwa taa zake, akiupeleka mkono nyuma ya kichwa na kuurudisha, akitembea hatua tatu na kurudi aone kama sakafu imebaki palepale. Vishikio vyenye pete vichunguzwe kama pete hizo zina ufa, kwa kuwa vitaa vimo humo. Lenzi zitazamwe kama zina doa la jua. Sponji ya usoni ya Quest 2 za mwanzo iulizwe pia, kwa sababu Julai 2021 kampuni ililazimika kutoa kifuniko cha silikoni baada ya baadhi ya watumiaji kuwashwa ngozi, na banda litavalisha sura ishirini kwa siku. Quest ya kwanza, ile ya mwaka 2019, ipitwe hata ikiwa bei ya kutupa: Meta ilitangaza Januari 2023 kwamba haitaiongezea uwezo mpya, na marekebisho ya hitilafu yalipangwa kukoma mwaka 2024.